Kovu lako la baskeli: leta stori ya kweli, siyo ile uliyomwambia mama

Kwahani Kwetu (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wana baraza.

Jana nilikwenda kunyoa. Kinyozi kijana, mgeni, hanijui. Alipofika kwenye nyusi ya kushoto akasita: "Ami, hapa niruke au nipite?" Pana mstari hapo hauoti nywele, urefu wake kama punje mbili za mchele zikilazwa moja mbele ya nyengine. Nikamwambia apite tu. Akaniuliza nimepatwa na nini, na mdomo wangu, bila ya kunitaka ruhusa, ukamjibu: "Gari ya ng'ombe."

Mie mtu wa miaka arubaini na kitu. Baba keshafariki, mama yuko nyumbani hanisikii, na bado nasema gari ya ng'ombe. Nimerudi nimelala nalo. Leo naliweka hapa.

Ilikuwa sikukuu, Idd pili, mwaka 1991. Tumepewa pesa zetu, tumeambiwa tusitoke viwanja vya Mnazi Mmoja. Tukakodi baskeli, mie na rafiki yangu, kila mtu yake. Yangu Foniksi nyekundu, kengele yake imebaki kitako, haina kifuniko. Mwenyewe akatuambia tuzunguke hapo hapo anapotuona. Tulizunguka mara mbili, ya tatu tukapotelea Darajani, tukashika njia ya Bububu hadi Maruhubi.

Mnalijua lile gofu la kasri. Sultani Sayyid Barghash alilijenga miaka ya 1880, likaungua 1899, zikabaki nguzo zimesimama peke yake kama watu wanaosubiri gari. Basi mchezo wetu ulikuwa kuzishona zile nguzo: unaingia kulia kwa hii, unatoka kushoto kwa ile, asiyegusa ndiye mshindi. Mzunguko wa nne nikageuka kumtazama mwenzangu yuko wapi. Niliporudisha uso, nguzo hii hapa.

Kwa hivyo aliyenichana nyusi ni Sayyid Barghash mwenyewe, miaka 103 baada ya kufa kwake.

Rimu ya mbele ilipiga nane, ikapindapinda. Tukaikokota baskeli mpaka mjini, tukaiegemeza kwenye mti wakati mwenyewe kazungukwa na watoto, tukakimbia. Nyumbani nikasema nimesukumwa na gari ya ng'ombe. Kwa nini gari ya ng'ombe? Kwa sababu kila asubuhi ilikuwa ikipita moja mtaani kwetu imepakia mawe. Ndiyo ilionijia.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Baba akamkamata msikitini yule mzee mwenye gari ya ng'ombe. Akaitwa na sheha. Mie niko nyuma ya pazia namsikia anaapa, "Wallahi sikumgusa mtoto wa mtu." Mwisho akatoa pesa ya dawa, yaishe.

Haya. Kila kovu la baskeli lina stori mbili, ya nyumbani na ya njiani. Tunataka ya njiani.

Mzee wa Kiponda

Nakaa hapa. Mwenye deli la kahawa apite upande huu.

Mlandege Express

Picha ya nyusi tafadhali.

Mpemba wa Mtambile

Yakhe, nyie wa Unguja baskeli mnapanda kwenye sahani. Njooni Pemba. Huku kuna kupanda na kuna kushuka, hakuna cha tatu. Na mwisho wa kila mteremko pana kona, na kwenye kona pana jamvi la karafuu la mtu.

Msimu mmoja bamkubwa alinituma Mkoani na gunia la karafuu kavu juu ya keria, nikaziuze kituoni. Baskeli ni Raleigh la marehemu babu, breki za fito, na mipira ya breki imekwisha zamani, kimebaki chuma. Tulikuwa tukifunga kwa ndara: unateremsha mguu, unakandamiza wayo kwenye tairi la mbele pale nyuma ya foki, inapungua mwendo. Kila kijana wa rika langu ana duara kwenye wayo, ngozi imeungua ikawa ngumu kama ganda la kungu. Hilo silihesabu kovu, ni kama alama ya kazi.

Sasa stori ya nyumbani ni kwamba ndara ilikatika kwa bahati mbaya. Stori ya njiani ni kwamba kulikuwa na gari ya abiria mbele yangu na dirishani pamekaa mtu. Nikataka niipite ile gari kwenye mteremko ili huyo mtu aone. Nimeipita kweli. Kona ikaja, nikashusha mguu, ndara ikavutwa ndani, ikajibana baina ya tairi na foki. Gurudumu likagoma palepale. Mie sikugoma, niliendelea.

Nilitua kifudifudi juu ya jamvi la bibi mmoja, karafuu zake za siku ya tatu juani. Gunia nalo likanifuata nyuma, likapasuka. Nikamwona bibi anakuja mbio, nikasema alhamdulillahi, nimepata wa kuninyanyua. Akanipita. Akaanza kuzikusanya karafuu kwa viganja kuzirudisha jamvini. Aliponifikia akasema, "Geuka." Nikageuka. Akazitoa moja moja zilizonichoma kifuani na kwenye mkono, kama mtu anayemnyonyoa kuku, na kila moja anaitia jamvini.

Halafu ndiyo kesi ikaanza: zipi zake na zipi za bamkubwa? Wajuao karafuu wanajua, iliyokauka ukiikunja kwa kucha inakatika, ambayo bado inapinda. Basi tumekaa sote wawili, mie natoka damu, tunazikunja. Inayokatika yangu, inayopinda yake. Mpaka adhana ya magharibi. Mafuta ya karafuu yakaingia kwenye michubuko. Mwanzo yalinichoma nikataka kulia, kisha mkono mzima ukafa ganzi. Ndiyo yale yale anayotia daktari wa meno.

Kovu liko mkononi, refu kutoka kisukusuku mpaka karibu na saa. Mtu wa dirishani hakugeuka hata kuangalia.

Mlandege Express

Na karafuu zenye damu zilikwenda wapi?

Mpemba wa Mtambile

Zilipimwa, zikalipwa daraja la kwanza. Kama mwaka ule uliweka karafuu kwenye pilau, nimo.

Fundi Njiti

Nina kibanda Mwanakwerekwe mwaka wa 27 huu. Watu wakianguka, baskeli huja kwangu kabla wao hawajatoka hospitali, kwa hivyo stori ya ajali mie naisoma kwenye chuma. Na chuma hakina mama wa kumuogopa.

Mpemba nakuamini. Ndara kwenye foki nimeitoa mwenyewe mara nyingi, nyengine imeyeyuka imeshikana na tairi. Ila hata mipira ya breki ingekuwa mipya, rimu zile za kung'ara zikirowa hazishiki. Wakati wa masika mteja ananiambia "fundi breki zako mbovu" na mie nimetia mipira asubuhi ile ile. Rimu ya chuma ikishika maji ni kama kusugua sabuni. Unatakiwa uanze kufunga mapema, mpira ufute maji kwanza, ndipo inashika. Nani ana subira hiyo.

Na nyie mnaoazima baskeli za watalii, tahadhari. Za Kiingereza tulizozizoea, mkono wa kulia unafunga gurudumu la mbele. Nyingi zinazotoka bara la Ulaya ni kinyume, mbele iko kushoto. Nyengine hazina breki ya mkono nyuma kabisa, unarudisha pedeli kinyumenyume. Kijana amezoea kurudisha pedeli akichezea tu, akiwa juu ya hiyo anasimama wima katikati ya barabara, gari iko nyuma yake. Nimeona meno mawili yamebaki kwenye usukani.

Sasa wewe mwenye uzi. Unasema uliigonga nguzo uso kwa uso na rimu ikapiga nane. Nakataa. Ukigonga kitu uso kwa uso, foki ndiyo inarudi nyuma, au bomba la mbele linakunja shingo, rimu inabonyea pale ilipopigwa. Gurudumu lina nguvu sana juu na chini, hata likiwa na mtu na gunia la mchele. Udhaifu wake ni ubavuni. Likipiga nane, limepigwa ubavuni. Nguzo haiji ubavuni, nguzo imesimama. Nani alikupiga ubavuni?

Mzee wa Kiponda

Loo! Fundi kaleta mahakama.

Kwahani Kwetu (mwenye uzi)

Fundi, umeniamsha usingizini. Wallahi nimekaa dakika kumi nimeitazama hii simu.

Sawa. Sikugeuka nyuma. Nilikuwa nashinda, na mwenzangu akachoka kushindwa. Nilipokata kona baina ya nguzo mbili alikuja moja kwa moja akaliingia gurudumu langu la mbele ubavuni. Mie nikaruka na kichwa, nguzo ikanipokea. Tulipokuwa njiani kurudi alilia kuliko mie niliyetoka damu, akanishika mkono nimuapie sitasema, kwa kuwa baba yake alikuwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani na fimbo yake tunaijua. Nikamuapia.

Leo ni mtu wa kanzu na joho, watu wanasali nyuma yake. Simtaji. Ile ya kugeuka nyuma nimeisema miaka mingi sana kichwani hata nikaiamini.

Mama Wawili

Haya na sisi wanawake tusogee.

Langu liko kisiginoni, mguu wa kulia, nyuma, limekaa kama mwezi mwandamo. Nilikuwa na miaka mitano. Kaka yangu alinipakia kwenye keria kunipeleka skuli, Fuoni. Akaniambia, "Tanua miguu." Nikatanua. Mtoto anatanua miguu kwa muda gani? Tulipofika penye mchanga akasimama juu ya pedeli kusukuma, baskeli ikayumba, mguu ukaingia kwenye njiti za gurudumu. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia sauti, tr-r-r-k, halafu baskeli imesimama na yeye anasema "shuka" na mie siwezi kushuka.

Stori ya nyumbani: nimekanyaga chupa. Ni yeye aliyeitunga, na mie nikaikubali kwa sababu alinibeba mgongoni mpaka nyumbani huku analia, nikamhurumia.

Nilipoolewa, mchoraji hina alipofika kisiginoni akaligusa kovu kwa ncha ya kijiti, akauliza nini hii. Chumba kimejaa wanawake, mama yumo. Nikasema chupa. Yule mchoraji akasema, "Chupa haikwangui hivi, hizi njiti." Kumbe na yeye analo. Akavuta buibui akatuonyesha. Akanichorea ua kulizunguka kovu, akaliacha lenyewe tupu katikati, kama jicho.

Mama hakusema kitu. Lakini kaka yangu, tangu mie nina miaka mitano hadi leo nina wajukuu, kila Idd kubwa ananiletea viatu. Vya kufunika kisigino. Hajawahi kukosa na hatujawahi kulizungumza.

Tabibu wa Shamba

Nimefanya kazi kwenye vituo vya afya, Pemba na Unguja, na hicho kisigino cha Mama Wawili nimekitibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Jeraha la njiti linadanganya. Siku ya kwanza unaona mchubuko na uvimbe kidogo, mzazi anasema amepona, anampaka mafuta ya nazi anamrudisha mchezoni. Siku ya nne au ya tano ile ngozi iliyopondwa inakuwa nyeusi, inakufa, inaachia. Hapo ndipo wanapokuja, na hapo ndipo kovu kubwa linapozaliwa. Kipande cha mbao au mpira mgumu kufunika upande wa njiti kingemaliza kazi. Fundi Njiti atakuambia kinagharimu nini.

Mtulinga ndio mfupa wa waendesha baskeli dunia nzima. Mtu akianguka hutanguliza mkono, au hutua na bega, na mshindo wote unapanda hadi hapo. Wengi hupona kwa kutundikiwa mkono shingoni na subira, unabaki uvimbe mdogo kama punje ya kunde chini ya shingo. Ukimwona mwanamume kavaa fulana na ana hako kanundu, muulize baskeli yake ilikuwa aina gani.

Na vile vidoto vya buluu kwenye visukusuku vya watu walioanguka kwenye lami: si wino, ni kokoto zenyewe zimebaki ndani. Zikiachwa siku ile hazitoki tena kwa kuosha. Maji safi mengi na sabuni, usugue hata kama mtoto anapiga kelele mtaa mzima wasikie. Unga wa manjano, majivu, chumvi ya mawe, vyote nimevitoa kwenye vidonda, na vyote vilikuwa vimefungia uchafu ndani. Sindano ya pepopunda nayo msiidharau.

Ninayoiogopa mie haina kovu. Mtoto kaanguka, ncha ya usukani isiyo na mpira imemgonga tumboni. Anainuka, anacheka, pana duara jekundu tu la ukubwa wa shilingi. Jioni tumbo limekuwa gumu, uso mweupe, wengu umepasuka ndani. Huyo usimsubirishe mpaka asubuhi. Ile mipira ya mwisho wa usukani mnayoing'oa kuchezea, irudisheni.

Mlandege Express

Daktari nna kovu begani limetuna linawasha miaka sita. Nilikate?

Tabibu wa Shamba

Usilikate kienyeji. Makovu ya namna hiyo, hasa ya begani, kifuani na masikioni, ukiyakata bila tiba nyengine hurudi na hurudi makubwa zaidi. Nenda kwa wa ngozi.

Peleka Pedeli

Nyote mnazungumzia makeria. Mie nafuatilia mashindano ya Ulaya, niwaletee ya wakubwa.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, bingwa wa Tour de France mara nne, Juni 2019 alikuwa anaijaribu njia tu kabla ya mbio. Bosi wa timu yake alisimulia kwamba alitoa mkono mmoja kwenye usukani apenge kamasi. Upepo ukalichukua gurudumu, akaingia ukutani. Fupa la paja, kisukusuku, mbavu. Hakushinda tena Tour.

Na Biniam Girmay wa Eritrea, Mei 2022. Kashinda hatua ya kumi ya mbio za Italia, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua pale. Hakuanguka. Yuko jukwaani anafungua ile chupa kubwa ya kusherehekea, kizibo kikaruka kikampiga jicho. Akakimbizwa hospitali, mbio zikamshinda. Miaka miwili baadaye akarudi Tour akachukua hatua tatu na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi.

Mzee wa Kiponda

Hiyo ya kizibo ndiyo mambo ya vileo. Angepewa juisi ya ukwaju.

Mpemba wa Mtambile

Kupenga kamasi! Alhamdulillahi sie tunajifuta kwa bega.

Bi Mwani

Mie wa Jambiani. Wakati maji yakijaa kidogo utaona wanaume wanapita barabarani, sisi maji yakitoka tunapita pwani. Mchanga uliokandika baada ya maji kutoka hauna mfano, baskeli inateleza yenyewe. Keria lina gunia la mwani mbichi, linachuruzika maji ya chumvi mpaka nyumbani. Nyie mnafikiri maji yale yanakwenda wapi? Kwenye cheni unayaona, unapaka oili. Ndani ya bomba huyaoni.

Baskeli ilikuwa ya mume wangu, na siku hiyo niliichukua bila kumwambia. Nilikuwa karibu na kufika, mbele yangu jirani yangu anatembea na gunia kichwani, nikamwita jina. Nilipomaliza kumwita nikaona gurudumu la mbele linakwenda zake peke yake. Wallahi, liliniaga. Foki imekatika pale shingoni, imekatika safi kama muwa. Mie nimebaki na usukani mikononi, kidevu kikatua kwenye jiwe la pwani. Nyuzi saba. Na jiwe la pwani halikati kama kisu, linachana, ndiyo maana kidevu changu nikicheka kinajikunja upande mmoja.

Stori ya nyumbani: nimeteleza nikishuka kwenye mwani, na baskeli nimeikuta imevunjika palepale ilipoegemezwa. Mume wangu akanyamaza. Nikasema kaamini. Nikamwona kama malaika.

Mwaka uliofuata tumegombana kwa jambo jengine kabisa, la mchele, ndipo ikamtoka. Ule ufa alikuwa anaujua. Aliuona, akaupaka rangi ya silva, alikuwa na mteja wa Paje wa kumuuzia wiki ile ile. Nilipokuja na kidevu kimefungwa hakuweza kuuliza, maana angeuliza na mie ningeuliza.

Tumecheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Mchele tukausahau.

Fundi Njiti

Silva! Mie baskeli ikiletwa imepakwa silva shingoni peke yake, naikwangua kwanza ndipo nataja bei. Bi Mwani, baskeli ya pwani isioshwe nje tu. Ng'oa tandiko, igeuze, utaona maji yanavyotoka na rangi ya chai.

Mjukuu wa Koani

Mwenye uzi, nina swali moja. Yule ng'ombe alikuwa rangi gani?

Kwahani Kwetu (mwenye uzi)

Mweusi, paji jeupe. Kwa nini?

Mjukuu wa Koani

Basi siye. Wa babu alikuwa mwekundu, na yeye alikuwa akipakia mchanga, si mawe. Moyo ulinidunda nilipokuwa nasoma.

Lakini na yeye alilipishwa. Mtoto wa mtu Amani, mguu, miaka hiyo hiyo. Aliapa akachoka. Alikuwa akitusimulia kila tukikaa kula, kwamba ng'ombe wake hata kuku alikuwa anampisha. Tulikuwa tunamcheka, tunajua wazee hawakubali makosa. Kwa hivyo sijui nyie watoto wa mjini mlikuwa wangapi na hiyo gari ya ng'ombe yenu.

Mlandege Express

Ahm. Mie ya kwangu niliitia gari ya punda. Kikwajuni, 1998. Nisameheni.

Mama Wawili

Mwenye uzi, mama yako si yuhai? Mwambie.

Kwahani Kwetu (mwenye uzi)

Nimekwenda jioni hii. Nimemkuta anachambua mchele, nikakaa chini nikamsaidia, nikaanza kwa mbali, sikukuu zile za zamani. Sikufika hata Darajani. Akasema, bila ya kuinua uso kwenye ungo, "Maruhubi."

Nikamuuliza kajuaje.

Akasema aliponiosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu alitoa kitu kwenye nyusi kwa kucha. Alidhani mfupa, akaogopa. Akakisugua baina ya vidole kikawa unga. Chokaa. Chokaa ya zamani, ya kijivujivu, ina kijani cha ukoga upande mmoja. Na magotini mchanga una vipande vya makombe. "Mtaa wetu ule," akasema, "ulikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye masikio yenu. Chokaa utaitoa wapi?" Alizaliwa Mtoni, na yeye akicheza kwenye yale magofu alipokuwa mdogo.

Nikamuuliza mbona alimwachia baba. Akasema baba alikuwa keshatoka na kofia mkononi, na baba akitoka na kofia mkononi harudishwi. Pesa aliyoitoa yule mzee aliijua ilikuwa kiasi gani. Alimpelekea mwenyewe kesho yake, imefungwa kwenye ncha ya kanga, pamoja na boflo mbili na kikombe cha samli, akamwambia mkewe apokee asiulize. Mkewe hakuuliza. Baada ya hapo kila wakikutana sokoni yule bibi alikuwa akimchagulia mama muhogo mzuri.

"Na mie mbona hukuniambia kitu?" Akapeta ungo mara mbili tatu. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri. Sikujua utachelewa hivi."

Mzee wa Kiponda

Miaka thelathini na kitu anasubiri. Haya, kahawa imeisha.

Fundi Njiti

Mzee wa ng'ombe kalipwa, vizuri. Na mwenye Foniksi? Rimu ya watu mlimwachia kwenye mti.